Miradi ya masomo nje ya nchi kwa wanafunzi wa biashara wa Kigoma: tazameni tarehe za malipo kabla ya jumla ya bajeti

Mwanzisha uzi (Kigoma mjini)

Ndugu wanajamvi, salaam.

Uzi huu nauandika kwa ajili ya vijana wanaosoma uongozi wa biashara, uhasibu, ugavi na masoko, hasa wale wenye nyumbani hapa mkoani Kigoma, ambao wamepata au wanatarajia kupata nafasi katika mradi wa masomo nje ya nchi. Sizungumzii kwenda kusoma shahada nzima. Nazungumzia ile safari ya wiki mbili hadi miezi miwili ambayo mwanafunzi anakaa ndani ya kampuni, kiwanda au chama cha ushirika, anachunguza tatizo moja la kibiashara pamoja na wenzake wa nchi nyingine, kisha wanaandika ripoti na kuiwasilisha kwa wenye kampuni. Utaratibu huu si mgeni duniani. Shule ya biashara ya Ross katika Chuo Kikuu cha Michigan inaendesha miradi ya aina hii tangu 1992, MIT Sloan wana mpango wao unaoitwa G-Lab, na Harvard waliuingiza kwenye mwaka wa kwanza wa shahada yao ya uzamili ya biashara (MBA) mwaka 2011.

Mimi ni mhasibu, na kwa kuwa wazazi wengi hapa mjini wananifahamu, barua za mialiko ya namna hiyo huletwa kwangu nizisome na kumsaidia kijana kupanga bajeti. Msimamo nilioufikia ni kwamba kinachowakwamisha vijana wetu kwa kawaida si ukubwa wa gharama, bali ni tarehe ambazo gharama hizo zinatakiwa kulipwa. Barua inaweza kusema kwamba nauli, viza, bima, malazi na chakula vyote vitagharimiwa na mradi, na ikawa ni kweli tupu, lakini aya inayofuata inaeleza kuwa mshiriki atalipa mwenyewe kwanza na kurudishiwa baada ya kuwasilisha stakabadhi mwishoni. Kwa mwanafunzi wa Munich au Boston mwenye kadi ya mkopo hilo ni jambo dogo, kwa sababu benki ndiyo inayosubiri. Kwa kijana wa Mwandiga ambaye baba yake anauza mawese, anayesubiri ni yeye na ukoo wake.

Tuchukulie mradi unaanza Ujerumani tarehe 10 Mei. Pasipoti lazima iwe mkononi kufikia Januari. Maombi ya viza ya Schengen, yaani viza moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na hayapokelewi zikiwa zimebaki chini ya siku 15, na kwa kuwa uamuzi huchukua siku 15 na unaweza kurefushwa hadi 45, mtu mwenye busara anaomba mwanzoni mwa Machi. Tiketi inalipwa Aprili. Kijana anaondoka Kigoma wiki ya kwanza ya Mei, anarudi Juni, anapeleka stakabadhi, na mhasibu wa huko anamlipa Julai ikiwa hakuna karatasi inayokosekana. Fedha iliyotoka Januari inarudi Julai. Kwa maneno mengine, mwanafunzi wa Kigoma amekikopesha chuo cha Ulaya kwa miezi sita bila riba, na mara nyingi fedha hiyo yeye mwenyewe ameikopa kwa riba kwenye kikundi cha kuweka na kukopa au kwenye mikopo ya simu. Riba hiyo haina mstari katika fomu yoyote ya madai niliyowahi kuiona.

Kwa hiyo jambo la kwanza kuandika mara tu unapopokea barua ya mwaliko ni ombi la masurufu, yaani fedha inayotolewa kabla ya safari na kutolewa hesabu baadaye. Andika kwa heshima, eleza kwamba huna kadi ya mkopo, ambatanisha jedwali linaloonyesha kila gharama na tarehe yake, na uombe kwamba tiketi na malazi vilipwe moja kwa moja na mradi, na kwamba sehemu ya posho ya kujikimu itumwe kwenye akaunti yako angalau miezi mitatu kabla ya safari. Vijana wengi wanaona aibu kuandika barua hiyo, wakidhani wataonekana ombaomba na nafasi itapewa mwingine. Wanakosea. Mtu wa fedha wa upande wa pili anazipokea barua za namna hii kutoka kwa wanafunzi wa nchi nyingi, na kinachomkera ni kuletewa jambo hilo zikiwa zimebaki siku tano.

Kipindi hicho cha miezi mitatu nina sababu ya kukitaja. Maombi ya viza kwa kawaida hudai taarifa ya benki ya miezi mitatu iliyopita, na afisa anayeisoma haangalii salio peke yake. Anaangalia fedha iliingiaje. Akaunti iliyolala na Sh 40,000 kwa muda mrefu kisha ikapokea Sh milioni nne siku mbili kabla ya maombi inaleta maswali. Masurufu yakiingia mapema kutoka kwenye akaunti ya chuo, pamoja na barua ya chuo hicho inayothibitisha kwamba kinagharimia safari, maswali hayo yanapungua sana. Kijana anayeambiwa atarudishiwa baadaye hana cha kuonyesha benki, na hapo utaratibu wa malipo unakuwa umeharibu hata nafasi yake ya kupata viza.

Sasa gharama zenyewe, na nitakaa zaidi kwenye zile ambazo watu wa nje hawazijui.

Pasipoti ya kielektroniki, iliyoanza kutolewa mwaka 2018, ni Sh 150,000. Fedha hiyo inapatikana. Kinachochelewesha ni majina. Kijana anaitwa Matias kwenye cheti cha kuzaliwa, Mathias kwenye kitambulisho cha taifa, na Mathiasi kwenye cheti cha kidato cha nne, na kila tofauti inadai hati ya kiapo na muda wake. Zaidi ya hayo, mkoa wetu uko mpakani na umepokea wakimbizi kwa miongo mingi, kwa hiyo maswali kuhusu uraia wa wazazi, na hata wa babu, ni ya kawaida hapa kuliko ilivyo kwa mwombaji wa Dodoma. Usiyachukulie kuwa uonevu, lakini jiandae: kusanya vyeti vya wazazi, barua ya mtendaji wa kijiji au kata, na kama mzazi ni marehemu, cheti cha kifo. Kazi hii ianze kabla hata ya kupata mwaliko, maana kwa wengine inakula miezi.

Ada ya viza ya Schengen ni yuro 90 tangu Juni 2024. Hapa kuna jambo ambalo nimeshangaa kuona wengi hawalijui: kanuni za viza za Schengen zinawasamehe ada hiyo wanafunzi, na walimu wanaoambatana nao, wanaposafiri kwa ajili ya masomo au mafunzo. Tukichukulia yuro moja kuwa Sh 2,900, hiyo ni Sh 261,000 ambayo haikupaswa kutoka mfukoni. Ili msamaha huo ukuguse, barua ya chuo chako na barua ya chuo mwenyeji zote ziseme waziwazi kwamba safari ni sehemu ya mafunzo. Barua inayosema unakwenda "kushauriana na kampuni" inakugeuza mfanyabiashara, na mfanyabiashara analipa. Ada ya huduma ya kituo kinachopokea maombi ni kitu kingine, hiyo huenda ukailipa hata ukisamehewa ada ya viza.

Bima ya safari kwa Schengen lazima ifikie angalau yuro 30,000 na ihusu siku zote utakazokuwa huko. Chanjo ya homa ya manjano ichanjwe angalau siku kumi kabla ya kuingia nchi inayoidai. Cheti chake, tangu Julai 2016, ni cha maisha yote, hivyo aliyechanjwa utotoni na bado ana kadi asilipe tena.

Halafu kuna Dar es Salaam. Bajeti nyingi nilizoletewa zimeandikwa kana kwamba mwanafunzi anaishi kando ya uwanja wa ndege, ilhali reli kutoka Kigoma hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,200, na mtu anakwenda huko mara mbili: kwanza kutoa alama za vidole kwa ajili ya viza, pili kupanda ndege. Safari ya kwanza ndiyo inayosahaulika, nayo ina nauli ya kwenda na kurudi, malazi, chakula na daladala. Kwenye mstari wa malazi kijana anaandika sifuri kwa sababu atafikia kwa baba mdogo Mbagala. Jamani, hakuna mtu wa Kigoma anayekwenda kwa baba mdogo mikono mitupu. Kuna dumu la mawese, kuna dagaa, kuna migebuka mikavu, na kuna kuchangia chakula cha nyumba ile kwa siku zote utakazokuwa unasubiri. Mzungu hataurejesha mstari wa dagaa, lakini fedha imetoka. Kwa hiyo omba kiwango cha malazi cha Dar kama wengine wanavyolala hotelini, kisha wewe ujue mwenyewe utakavyokitumia.

Kwa leo naishia hapa. Wenye maswali waulize, na wenye uzoefu tofauti waseme.

Mdau wa Kasulu

Shikamoo mzee wetu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, ugavi na manunuzi. Nimechaguliwa kwenye mradi wa wiki nne nchini Uholanzi. Mratibu amenitumia tiketi ya ndege inayoanzia Dar es Salaam na ameniambia nijifikishe Dar mwenyewe. Naomba ushauri: nitumie treni, basi au ndege? Na je, ni salama kufika Dar asubuhi ya siku ile ile ninayosafiri usiku?

Mwanzisha uzi

Marahaba mwanangu, na hongera. Nianze na swali la pili kwa sababu ndilo lenye hatari.

Tiketi yako ya kimataifa inaanzia Dar. Hata ukipanda ndege kutoka Kigoma, ikiwa tiketi hiyo umeikata kando, hizo ni safari mbili zisizojuana kisheria. Ndege ya Kigoma ikiahirishwa kwa mvua au kwa sababu nyingine, shirika la kimataifa halina wajibu wowote kwako. Wataandika kwamba hukutokea, na mara nyingi hata tiketi ya kurudi inafutwa pamoja na ya kwenda. Kwa hiyo usifike Dar siku ile ile. Fika siku mbili kabla ukitumia ndege au basi, na tatu ukitumia treni ya reli ya zamani, ambayo inalala njiani siku mbili hata mambo yakienda vizuri. Gharama za siku hizo ni gharama halali za mradi na uziandike hivyo. Mweleze mratibu kwamba unanunua usalama wa tiketi yenye thamani kubwa kwa fedha ya kulala siku mbili, na yeye ataelewa kwa sababu hiyo ni hesabu tu.

Bora zaidi, kabla tiketi haijakatwa, ni kuomba ikatwe moja kuanzia Kigoma pale ambapo mashirika yana makubaliano ya kuunganisha abiria. Wewe umeshachelewa kwa hilo, lakini wengine wasome.

Kuhusu chombo, siku hizi wengi wanapanda basi hadi Dodoma na kuunganisha na treni ya SGR, yaani ya reli mpya ya kisasa, ambayo ilianza kusafirisha abiria kati ya Dar na Dodoma katikati ya mwaka 2024. Inapunguza uchovu na muda unakadirika, ila kata tiketi zake mapema. Ukienda kwa ndege, angalia uzito wa mzigo unaoruhusiwa ndani ya nchi, kwa sababu unaweza kuwa mdogo kuliko ule wa tiketi ya kimataifa, na tofauti hiyo utailipia pale pale Kigoma.

Jambo la mwisho kwako: wakati wa kurudi utakuwa unaondoka ndani ya Umoja wa Ulaya, na kanuni yao namba 261 ya mwaka 2004 inakulinda bila kujali uraia wako. Ndege ikichelewa kukufikisha kwa saa tatu au zaidi kwa sababu zilizo ndani ya uwezo wa shirika, au ikifutwa ghafla, kwa safari ndefu kama ya Dar fidia inaweza kufikia yuro 600, mbali na chakula na malazi wakati wa kusubiri. Fidia hiyo ni ya abiria. Usikubali mtu akuambie ni ya chuo kwa kuwa chuo ndicho kilichonunua tiketi.

Mdau wa Tabora

Mkuu, nakubaliana na mengi lakini hilo la kuomba kiwango cha malazi huku kijana analala kwa ndugu silikubali. Mimi nilikuwa msimamizi wa fedha katika mradi uliowaleta wanafunzi wa biashara kutoka nje kuja kuchunguza soko la asali hapa Tabora, na vijana wetu walikuwa wanakwenda upande wa pili. Tulisisitiza kila gharama ilipwe kwa stakabadhi halisi, na sababu ni kwamba posho za jumla zinazoea kugeuka mshahara. Mtu anakula muhogo mwezi mzima ili arudi na fedha ya kiwanja. Kisha ripoti ya mradi inakuwa hafifu kwa sababu hakwenda hata kwenye mikutano iliyohitaji nauli.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Tabora, hoja yako ni ya haki, na tabia uliyoitaja ipo. Hata hivyo nikuulize: wanafunzi hao walipokwenda kuwaona wafugaji wa nyuki Sikonge na Urambo, bodaboda aliwapa stakabadhi gani? Mama ntilie aliyewauzia wali aliwapa risiti ya mashine? Ukidai stakabadhi mahali ambapo hazitolewi, unawalazimisha watu wema kutunga karatasi, na ukishawazoesha hivyo umeharibu zaidi ya fedha.

Ninachopendekeza ni mgawanyo. Tiketi, viza, bima na hoteli zilipwe kwa gharama halisi na stakabadhi zidaiwe bila huruma. Chakula na usafiri wa ndani ya mji vilipwe kwa kiwango cha siku, kisichodai karatasi, kilichopangwa chini kiasi cha kutomtamanisha mtu kujinyima. Kwa malazi ya kwa ndugu, nakubali kurekebisha nilichosema: serikali za baadhi ya nchi na mashirika kadhaa yana kiwango kidogo kwa anayelala nyumba ya binafsi, na hicho ndicho kiombwe badala ya kiwango kamili. Lakini kisiwe sifuri.

Mdau wa Tabora

Hapo tumeelewana, ingawa kwenye hesabu zangu ningeongeza kwamba anayelipwa kwa kiwango cha siku aandike daftari la matumizi kwa mkono wake. Si kwa ajili ya kumkagua, bali ili kundi linalofuata lipangiwe kiwango kinachoendana na hali halisi. Niongeze pia kwamba stakabadhi za karatasi ya mashine hufutika. Tulipokea bahasha kutoka kwa kijana mmoja, zote zilikuwa nyeupe kwa sababu zilikaa mfukoni na joto la Tabora mnalijua. Piga picha siku ile ile, itumie kwenye barua pepe yako mwenyewe, na andika pembeni ilikuwa ya nini.

Mama wa Ujiji

Asalaam aleikum ndugu zangu. Kikundi chetu cha akina mama wanaosindika mawese kimeombwa na chuo cha nje kuwapokea wanafunzi watano wa biashara kwa wiki tatu. Wanasema watatusaidia kupanga bei na vifungashio. Tunachojiuliza ni gharama: je, sisi ndio tutakaowalisha na kuwalaza? Na viza yao inatuhusu?

Mwanzisha uzi

Waaleikum salaam, mama. Katika mipango mingi ya Marekani ni kweli kwamba kampuni inayopokea wanafunzi ndiyo inayobeba nauli na malazi, kwa kuwa inahesabiwa kuwa imepata washauri kwa bei nafuu. Kikundi chenu hakiwezi kubeba mzigo huo na hakipaswi. Yaandikwe mapema, kwenye barua yenye sahihi za pande zote mbili, kwamba kikundi kinatoa muda wa wanachama, mahali pa kufanyia kazi na taarifa za biashara, na kwamba kila kinachohusu kuwasafirisha, kuwalaza na kuwalisha wageni ni juu ya chuo chao. Ukarimu wa chakula cha siku ya kwanza hauna ubaya, ila usiwe mstari wa bajeti.

Tena ningeongeza dai ambalo vikundi vyetu havilitoi kwa sababu ya haya: wanachama watakaoacha kusindika kwa siku kadhaa ili kuhojiwa na kuwatembeza wageni wanapoteza kipato. Siku hizo ziwe na posho. Chuo kinachoweza kuwaleta watu watano kwa ndege kutoka bara jingine kinaweza kulipa hiyo.

Viza inawahusu kwa njia moja. Wageni wasije kwa viza ya kawaida ya matembezi ya dola 50 wakati wanakuja kufanya kazi ndani ya biashara yenu. Viza ya biashara ni dola 250, na kama kazi yao ina sura ya utafiti kuna vibali vya ziada vya COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Waambieni chuo chao kiulize Uhamiaji kwa maandishi kabla ya kukata tiketi, kwa sababu wageni wakikutwa na viza isiyofaa, mwenyeji naye ataulizwa.

Na wakija na dola taslimu, wawe na noti za kuanzia toleo la 2006, maana za zamani zaidi hukataliwa au hushushwa thamani kwenye maduka ya kubadilishia fedha. Kanuni za mwaka 2025 zinataka bei za hapa nchini zitajwe na kulipwa kwa shilingi, kwa hiyo hata nyumba ya wageni isiwaandikie ankara ya dola. Wakitaka kwenda Gombe kuwaona sokwe, hilo ni jambo zuri, lakini ni matembezi yao binafsi. Boti na kiingilio vilipwe nje ya fedha za mradi.

Mdau wa Kibirizi

Wazee wangu, mbona mnazungumzia Ulaya tu? Vijana wa biashara wa Kigoma wana Burundi na Kongo hapa mbele ya macho. Mimi navusha bidhaa ziwani, na mwaka jana nilimbeba kijana wa chuo aliyekuwa kwenye mradi wa masoko ya samaki. Fedha yake ilimtesa kuliko mawimbi. Alikuwa na noti ya dola 50 yenye mchaniko mdogo pembeni, na upande wa Kongo hakuna aliyeigusa. Huko wanatumia dola kama fedha ya kila siku lakini noti lazima iwe kama imetoka kiwandani.

Mwanzisha uzi

Umenena vyema, na nakushukuru kwa kuturudisha nyumbani. Kwa mwanafunzi wetu, mradi wa Bujumbura una faida ambazo wa Rotterdam hauna. Mtanzania anaingia Burundi bila viza kwa kuwa nchi zote mbili zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, njia ya Manyovu ni ya basi, na kijana anayezungumza Kiha atasikilizana na Mrundi bila mkalimani, hivyo mstari wa ukalimani unaondoka kwenye bajeti. Kongo nayo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022, lakini kwa masharti ya kuingia kwa sasa mtu aulize kwenye ubalozi mdogo wa Kongo uliopo hapa mjini Kigoma asitegemee maneno ya gatini.

Kinachohitaji umakini Burundi ni kiwango cha kubadilisha fedha. Kwa miaka ya karibuni faranga ya Burundi imekuwa na bei mbili, ya benki na ya mtaani, na pengo kati yake ni kubwa mno. Kijana akibadilisha shilingi zake benki, chakula cha Bujumbura kitaonekana ghali ajabu. Akibadilisha mtaani atapata nafuu, lakini hana karatasi, na tena ni jambo ambalo sheria ya huko hailiruhusu. Halafu anarudi kwa mhasibu, naye anamrudishia kwa kiwango anachokitaka yeye. Kwa mradi wa Burundi, kiwango cha kubadilishia kiandikwe kwenye barua ya masurufu kabla ya safari, pamoja na tarehe yake na chanzo chake, na posho ipangwe kwa kiwango hicho cha benki ili mwanafunzi asisukumwe mtaani. Hapa ndipo malipo ya kurudishiwa yanapoumiza kuliko hata Ulaya, kwa sababu ndani ya miezi mitatu thamani inaweza kuwa imekwenda mbali na pale ulipoiacha.

Mdau wa Kasulu

Nashukuru sana mzee. Nina swali la mwisho. Nimeshalipia bima, nimekwenda Dar na kurudi, na nimepiga picha za viza. Je, viza ikikataliwa, fedha hiyo nitarudishiwa na nani? Barua yangu inasema gharama zitarejeshwa "kwa washiriki wa mradi".

Mwanzisha uzi

Hapo umegusa pengo ambalo barua nyingi zinaliacha wazi. Kwa maandishi hayo, aliyekataliwa viza hakuwa mshiriki, kwa hiyo mtu mgumu anaweza kukunyima kila kitu. Ada za ubalozi na za kituo cha maombi hazirudi hata viza ikikataliwa. Bima mara nyingi inarejeshwa ukiwasilisha barua ya kukataliwa kabla ya tarehe ya kuanza kwake, lakini soma masharti ya kampuni uliyokatia. Nauli ya Dar imekwenda.

Mwandikie mratibu leo, usisubiri jibu la ubalozi. Mwombe athibitishe kwa barua pepe kwamba gharama za maandalizi zilizotumika kwa nia njema zitarejeshwa hata kama viza haitatolewa, na uzitaje moja moja na kiasi chake. Ukiuliza sasa, swali ni la utaratibu na yeye hana hasara yoyote ya kukubali. Ukiuliza baada ya kukataliwa, utakuwa unadai. Na kama wenzako wa Tanzania mko zaidi ya mmoja kwenye mradi huo, andikeni barua moja yenye majina yenu wote, mkimpelekea nakala mkuu wa idara ya chuo chenu hapa nchini.